Safu Zilizoachwa Nje: Babati katika Majedwali ya Sensa

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabu Wilaya ya Babati kuwa na watu 303,013. Sensa iliyofuata, ya 2012, iliandika mbele ya jina hilohilo watu 312,392. Mtu akiyachukua majedwali hayo mawili, akaacha kila kitu isipokuwa safu ya jina la wilaya na safu ya jumla ya watu, atapata ongezeko la asilimia 3 kwa miaka kumi. Hapo ataanza kutafuta sababu: ukame, watu kuhama, uzazi kupungua. Na sababu hazitamkosa, maana Babati haikosi msimu mbaya wa mvua wala vijana wanaokwenda kutafuta maisha Arusha. Lakini ukweli uko kwingine. Kati ya sensa hizo mbili Mji wa Babati ulipata halmashauri yake, na mwaka 2012 wakazi wake 93,108 waliandikwa kwenye mstari wao wenyewe. Ukiwarudisha, ardhi ileile iliyohesabiwa 2002 inakuwa na watu 405,500. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 34, nalo linalingana vizuri na mkoa mzima wa Manyara, uliotoka watu 1,040,461 na kufika 1,425,131 katika muda huo.

Aliyepata asilimia 3 hakukosea kujumlisha wala kugawanya. Makarani wa sensa hawakukosea pia, na taarifa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zilionyesha halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya kila moja peke yake. Kosa lilifanyika mapema zaidi, katika hatua ambayo watu wa takwimu huipita haraka kuliko zote: kuchagua safu. Katika programu ya takwimu iitwayo R kazi hiyo ni mstari mmoja, na mwalimu huifundisha asubuhi ya siku ya kwanza kabla hajafika kwenye mambo yanayoitwa makubwa. Mimi naiona kuwa hatua nzito kuliko zinazofuata. Wastani uliokosewa unaweza kukaguliwa na mtu mwingine kwa kuurudia. Safu iliyoachwa nje haionekani kwa anayesoma matokeo. Kwake yeye ni kama haikuwahi kuwapo. Historia ya Babati katika majedwali, tangu fomu za wakoloni hadi vishikwambi vya 2022, inaonyesha jambo hilo vizuri, kwa sababu ni historia ya watu waliokuwa wakichagua safu, kila mmoja kwa sababu zake, na wengine waliokuja kusoma walichobakiziwa.

Tuanze na sensa mbili za Waingereza, za 1948 na 1957. Wakati huo Babati ilikuwa mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini, kwenye njia kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Ilikuwa na maduka, mashamba ya walowezi upande wa bonde la Kiru, ziwa lenye viboko na mlima Kwaraha ukiusimamia mji. Wakazi wake hawakuhesabiwa pamoja. Mwaka 1957 wasio Waafrika walihesabiwa Februari, na Waafrika wakasubiri hadi Agosti. Fomu nazo zilitofautiana. Mwenye duka mwenye asili ya India aliulizwa habari zake kama mtu mmoja: umri, mahali alipozaliwa, kazi yake. Mkulima wa Kigorowa aliyekuja dukani kwake kununua chumvi aliingia kwenye hesabu kwa jinsia, kabila na kundi pana la umri. Safu ya kazi haikuwapo upande wake. Asiyeijua historia hiyo akisoma majedwali ya miaka hiyo anaweza kudhani kwamba kazi na ufundi vilikuwa mikononi mwa wageni peke yao, kumbe wahunzi, wafugaji, wapagazi na wafinyanzi wa nchi ile hawakuwekewa mahali pa kuandikwa.

Watetezi wa sensa zile husema kwamba serikali haikuwa na makarani wa kutosha waliosoma, na kwamba kumuuliza kila Mwafrika maswali mengi kungegharimu fedha ambazo hazikuwapo. Hoja hiyo ina uzito, nami siitupi. Ila haielezi kwa nini, pale nafasi ilipokuwa finyu hivyo, safu ya kabila ilipata nafasi na ya kazi ikakosa. Uchache wa fedha ulilazimisha idadi ya safu. Ni safu zipi zibaki, hilo liliamuliwa na utawala uliotawala kwa machifu na makabila, na uliotaka kujua Wairaki ni wangapi, Wagorowa wangapi, Warangi wangapi, Wambugwe wangapi, kwa kuwa kodi na baraza la wenyeji vilipangwa kwa mtindo huo. Mwenye jedwali hutangulia kujua atalitumia kwa nini, kisha ndipo huchagua.

Wakati huohuo, mbali na Babati, kazi ya kuhesabu ilikuwa imeshaingia kwenye mashine, na mashine ilikuwa na namna yake ya kuielewa safu. Herman Hollerith aliifanya sensa ya Marekani ya 1890 ihesabiwe kwa kadi zilizotobolewa, na mwaka 1928 kampuni ya IBM ikatoa kadi ya safu 80 iliyokuja kutawala ofisi za dunia kwa miongo kadhaa. Kwenye kadi hiyo safu haina jina. Ina namba tu. Umri uko safu ya 12 na 13, jinsia iko ya 14, na anayetaka umri huiagiza mashine isome ya 12 na 13. Maana yote imehifadhiwa nje ya kadi, kwenye kitabu cha maelezo kilichokaa kabatini. Kitabu kikipotea, kadi inabaki na matundu yasiyosema kitu. Na mtu akiongeza swali moja katikati, kila kinachofuata kinasogea, mashine inaendelea kusoma 12 na 13 kwa utiifu uleule, na inatoa jibu lisilo la umri. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, katika enzi ya kadi hizo. Kwa hiyo mazoea ya kuita safu kwa namba yake hayakuzaliwa na uvivu wa waandishi wa programu wa leo. Ni urithi wa karatasi ngumu yenye matundu, na ulikuwa na mantiki kamili kwa zama zake.

Sensa ya kwanza baada ya uhuru ilifanyika Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Iliuliza mengi kuliko zote zilizotangulia, na matokeo yake yalichambuliwa kwa kina na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Bertil Egerö na Roushdi Henin, waliohariri juzuu ya uchambuzi iliyotoka 1973. Katika fomu ya 1967 kulikuwa bado na safu ya kabila na safu ya dini. Ilipofika sensa ya 1978 zote mbili zilikuwa zimeondolewa, na hazijarudi katika sensa za 1988, 2002, 2012 na 2022. Huu ndio uchaguzi wa safu mkubwa kuliko wote katika historia ya takwimu za Tanzania, na kwa maoni yangu ulikuwa na busara. Taifa lililokuwa likijenga lugha moja na siasa moja lilikataa kumpa mwanasiasa wa kesho jedwali la kuonyesha kabila lake ni asilimia ngapi. Nchi nyingine zimeonja gharama ya kuwa na jedwali hilo mkononi wakati wa uchaguzi mkali.

Lakini busara ya kuondoa safu haiufanyi uamuzi huo usiwe na gharama, na hapa Babati inasema kitu ambacho sehemu nyingi za nchi haziwezi kusema. Katika eneo la Babati na Kondoa na kandokando yake hukutana lugha za asili nne tofauti kabisa: Kiiraki na Kigorowa za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe za Kibantu, Kidatoga ya Kiniloti, na si mbali, upande wa Kondoa na ziwa Eyasi, Kisandawe na Kihadza zenye vidoko. Sehemu za namna hii ni chache mno Afrika. Wanaisimu wanaotaka kujua kama Kigorowa kinazungumzwa na watu wengi kuliko zamani au kinamezwa na Kiiraki na Kiswahili hawana sensa ya kuwajibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, watafiti wake walilazimika kukadiria wazungumzaji kwa njia nyingine, kwa sababu tangu 1967 dola haikuwa ikiuliza. Makadirio hayo yana thamani kubwa, lakini yanabaki makadirio.

Suala la dini lilileta mvutano wa wazi mwaka 2012, pale baadhi ya makundi ya Waislamu yalipotaka safu hiyo irudishwe na kuwashawishi wafuasi wasihesabiwe mpaka ombi lao lisikilizwe. Serikali ilikataa, sensa ikafanyika. Naamini serikali ilikuwa sahihi kukataa, ila hoja ya waliolalamika ilistahili jibu bora kuliko lile lililozoeleka, kwamba swali hilo halina manufaa kwa mipango ya maendeleo. Safu yoyote inaweza kuwa na manufaa kwa mtu fulani. Jibu la kweli ni kwamba manufaa yake yamepimwa na hatari yake, na hatari imeonekana kuzidi. Raia akielezwa uamuzi kwa namna hiyo anaweza kuupinga kwa hoja. Akielezwa kwamba hapakuwa na kitu cha kuamua, kinachombakia ni kushuku.

Turudi kwenye mipaka, kwa sababu ndiyo iliyozaa ile asilimia 3. Ardhi ilipo Babati imekuwa chini ya majina mengi ndani ya muda mfupi. Sensa ya 1967 iliikuta katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Arusha. Ile ya 1978 iliikuta Wilaya ya Hanang, iliyokuwa imekatwa kutoka Mbulu. Mwaka 1985 Hanang nayo iligawanywa, Babati ikawa wilaya na makao ya Hanang yakawa Katesh, hivyo sensa ya 1988 ndiyo ya kwanza kuwa na wilaya iitwayo Babati. Mwaka 2002 Mkoa wa Arusha ulikatwa, Manyara ikazaliwa, na Babati ikawa makao makuu yake. Kufikia 2012 wilaya ilikuwa na halmashauri mbili. Mkulima wa Bonga angeweza kuishi miaka yote hiyo bila kuhama nyumba, na katika majedwali akaonekana amehama mara nne.

Sasa chukua namba za utambulisho. Katika mafaili ya takwimu mikoa hupewa namba: Arusha ni 2, na Manyara, kwa kuwa ilikuja baada ya orodha ya mikoa ishirini ya Bara kujaa, ikapewa 21. Wilaya nazo zina namba, lakini namba hizo huanza upya ndani ya kila mkoa. Kwa hiyo safu ya wilaya ikisimama peke yake haisemi chochote: wilaya namba 1 iko kila mkoa. Mtu akichagua safu ya wilaya, ya umri na ya elimu, akaiacha ya mkoa kwa kuona kwamba tayari anajua anashughulika na wapi, atachanganya watoto wa Babati na watoto wa wilaya za kwanza za mikoa yote. Programu haitalalamika. Itatoa jedwali safi, lenye wastani wa kuaminika kwa macho, na mstari wa chini utakuwa na watu wengi kiasi cha kumfurahisha mtafiti anayependa sampuli kubwa. Kasoro ya aina hii naiogopa kuliko ile inayosimamisha programu kwa maandishi mekundu, kwa kuwa yenye maandishi mekundu angalau huomba kurekebishwa.

Aliyeona mapema tatizo la kuita safu kwa nafasi yake ni Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa IBM. Katika makala yake ya 1970 kuhusu hifadhi kubwa za data alieleza kwamba mtumiaji hapaswi kulazimika kukumbuka mpangilio wa safu. Aitaje kila safu kwa jina na kwa kazi inayofanya katika jedwali, na mashine ndiyo ihangaike na mahali ilipo. Alikipa kitendo cha kuchukua baadhi ya safu na kuacha nyingine hadhi ya kitendo kamili cha hisabati, chenye kanuni zake. Kutoka hapo zikaja lugha za kuuliza hifadhidata ambazo ofisi zetu zinazitumia hadi leo. Upande wa takwimu, John Chambers na wenzake wa Bell Labs walianza lugha ya S mwaka 1976, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lugha hiyo ikapata aina ya jedwali ambalo kila safu ina jina na inaweza kuwa na data ya namna yake, namba hapa, maneno pale. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland waliichukua fikra hiyo wakaandika R, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure. Kwa ofisi ya takwimu ya halmashauri, au mwanafunzi wa Babati mwenye kompyuta mpakato ya mkopo, hilo lina maana kubwa kuliko ubora wowote mwingine wa lugha hiyo.

R ilirithi njia zote mbili, ya kadi na ya Codd. Unaweza kuandika sensa[, c(2, 3, 7)] ukapata safu ya pili, ya tatu na ya saba. Unaweza pia kuandika sensa[, c("mkoa", "wilaya", "watu")] ukapata zilezile kwa majina yake. Leo matokeo yanafanana. Kesho faili la sensa mpya likija na safu moja ya ziada mwanzoni, mstari wa kwanza utaendelea kufanya kazi na kuleta vitu vingine, wa pili utaendelea kuleta kilichotakiwa, au utasimama na kusema kwamba safu fulani haipo. Kusimama huko ni msaada. Hata hivyo, majina yenyewe yana mtego katika R, na unafaa kuangaliwa kwa karibu. Tuseme jedwali la kwanza lina safu moja inayoanza na neno watu, iitwayo watu_jumla. Mwandishi akaona aibu ya kuandika jina lote, akaandika sensa$watu. R inakubali kifupi hicho, kwa kuwa hakuna safu nyingine inayolingana nacho, na inampa watu_jumla. Baada ya miaka kumi jedwali jipya linakuwa na watu_mjini na watu_vijijini. Sasa kifupi kinalingana na safu mbili au tatu, R haijui ichukue ipi, na badala ya kuuliza inarudisha utupu bila kusema neno. Ukiuagiza utupu huo ujumlishwe, jibu ni 0. Mji umepewa halmashauri, jedwali limeongezewa maelezo ili liwe bora, na programu ya zamani inasema hakuna mtu.

Kuna watu makini wanaotetea kuchagua kwa namba. Wanasema faili lenye safu 300 haliwezi kuandikwa majina yote, na kwamba kuandika 5:40 ni kazi ya sekunde moja wakati majina 36 ni kazi ya dakika kumi na makosa ya tahajia. Nakubali kuhusu muda. Lakini tangu 2014 kifurushi cha dplyr cha Hadley Wickham kimeruhusu kuchagua safu zote zinazoanza na neno fulani, au zilizo kati ya jina moja na jingine, na hoja ya urefu imebaki na nguvu kidogo sana. Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba majina nayo hubadilika, kwa hiyo kuyategemea ni kujidanganya. Babati ni ushahidi wao mzuri: jina lilibaki lilelile kati ya 2002 na 2012 huku kilichotajwa kikipungua. Mbulu nayo iliandikwa kwenye mstari mmoja wenye watu 320,279 mwaka 2012, kisha ikapata halmashauri ya mji, hivyo anayelinganisha na 2022 kwa jina tupu ataingia kwenye shimo lilelile. Ndiyo, jina halitoshi. Ila jina linaweza kuulizwa. Mtu akisoma neno wilaya katika programu anaweza kusimama na kuuliza, wilaya ya mwaka gani, yenye mji au isiyo na mji? Akisoma namba 3 hana pa kuanzia. Ndiyo maana anayeandika programu ya kulinganisha sensa afanye zaidi ya kutumia jina: aipe safu jina lenye mwaka na mipaka ndani yake, kama wilaya_mipaka_2002, na aandike pembeni kwa Kiswahili cha kawaida kwamba Mji wa Babati umejumlishwa humo. Maandishi hayo mafupi yangetosha kuiondoa ile asilimia 3.

Hasara ya safu iliyoachwa haiishii kwenye hesabu ya watu. Babati ni nchi ya mahindi na mbaazi zinazopandwa shamba moja. Mahindi huvunwa kwanza, na mbaazi, hasa zile za muda mrefu, hubaki shambani zikikomaa miezi kadhaa baadaye. Mbaazi nyeupe za Babati zilipata jina katika biashara ya nje, na mbegu iitwayo Mali, inayostahimili ugonjwa wa mnyauko, ilienezwa na watafiti wa kilimo wa kaskazini pamoja na kituo cha kimataifa cha ICRISAT mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tafiti za kaya, zikiwamo zile za mradi wa Africa RISING uliofanya kazi Babati, Kongwa na Kiteto, hukusanya safu nyingi kuhusu shamba moja: zao kuu, zao la pili, lililochanganywa, lililouzwa. Mchambuzi mwenye haraka huchukua safu ya zao kuu. Kwa Babati safu hiyo itasema mahindi, mahindi, mahindi, na itakuwa imesema kweli, kwa sababu ndicho chakula cha nyumbani. Kilicholipa ada na kununua bati kitakuwa nje ya jedwali. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ilianguka na wakulima wa Babati wakabaki na magunia. Aliyekuwa na jedwali la zao kuu tu asingeona chochote kikitokea: mahindi yalikuwa yaleyale. Hasara ya mwaka ule ilikuwa katika safu ambayo hakuichagua.

Baada ya ushahidi huu wengine huhitimisha kwamba dawa ni kutoacha safu yoyote. Beba zote, kompyuta za siku hizi zina nafasi. Sensa ya 2012 yenyewe inaonyesha kwa nini haiwezekani hivyo hata kwenye kuuliza: kulikuwa na dodoso fupi la maswali 37 na dodoso refu la maswali 62, na refu lilitumika kwenye asilimia 30 tu ya maeneo ya kuhesabia watu. Anayeunganisha yote na kubeba kila safu atajikuta na safu ambazo ni tupu kwa watu wengi wa nchi, na akisahau kwa nini ni tupu atasoma kutokuulizwa kama kutokuwa nacho. Familia ambayo haikuulizwa kuhusu baiskeli itaandikwa haina baiskeli. Kwa maneno mengine, hata anayebeba zote bado anatakiwa kuijua kila moja ilitoka wapi, na kazi aliyoikimbia inamsubiri palepale.

Zaidi ya hayo, kuna safu zinazopaswa kuachwa kwa heshima ya watu waliohesabiwa. Sheria ya takwimu inazuia kutoa taarifa zinazomtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi lengo hilo. Jina likifutwa kazi haijaisha. Katika kitongoji kidogo chini ya Kwaraha, umri wa miaka 58, jinsia ya kike, elimu ya chuo kikuu na kazi ya uganga wa mifugo vinaweza kumwelekea mtu mmoja tu ambaye jirani zake wote wanamjua. Hakuna hata safu moja kati ya hizo iliyo siri ikisimama peke yake. Siri inavunjika zinapowekwa pamoja na safu ya kitongoji. Ndiyo sababu sampuli za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012 zinazotolewa kwa watafiti kupitia hifadhi ya IPUMS haziendi chini hadi kwenye kitongoji. Mtafiti anayelalamika kwamba amenyimwa safu hiyo ana haki ya kuuliza sababu, na sababu ipo, na anaweza kuisoma.

Hapo ndipo zinapotengana safu iliyoachwa kwa uamuzi na safu iliyoachwa kwa haraka, ingawa kwenye jedwali zote mbili hazionekani. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini na 1,892,502 Manyara, makarani wakiandika majibu moja kwa moja kwenye vishikwambi, na ofisi za halmashauri sasa zinapata mafaili ambayo zamani yasingetoka Dar es Salaam wala Dodoma. Ruzuku, madawati, dawa na visima hupangwa kwa kuangalia idadi ya watu, hivyo vipande vya mafaili hayo vitakatwa na kukatwa tena na maofisa wa mipango, waandishi wa habari, wanafunzi na mashirika. Ofisa anayeandaa jedwali la wazi la shule au zahanati za Babati anatakiwa aache safu ya kitongoji, abakize ya kata, abakize zote mbili za wilaya na halmashauri, aziite kwa majina, na mwanzoni mwa faili aandike safu alizoziondoa, tarehe aliyoziondoa, na sababu ya kila moja. Orodha hiyo itachukua mistari sita au saba. Atakayelifungua faili hilo mwaka 2032, Babati ikiwa pengine imekwisha kukatwa tena, ataianza kazi yake hapo kabla ya kugusa namba yoyote.